Je, Wajua? Usambara kwa Miguu, Watoto Watangulie

Je, wajua kwamba Milima ya Usambara, kule Tanga, ilikuwa imeshazeeka kabla Kilimanjaro haujachomoza? Ilianza kuinuka zaidi ya miaka milioni 30 iliyopita, na Kilimanjaro haujatimiza hata milioni 3. Na hayo mawe utakayoyakanyaga njiani? Yana zaidi ya miaka milioni 500!

Wala Usambara haiko peke yake. Ni pete moja katika mnyororo wa safu 13 uitwao Tao la Mashariki: unaanzia Vilima vya Taita nchini Kenya, unapita Pare, Usambara, Nguru, Ukaguru na Uluguru, unakomea Udzungwa na Mahenge. Misitu yote ya mnyororo huo ukiikusanya haifiki kilomita za mraba 6,000, lakini ndani yake zimo aina zaidi ya 90 za wanyama wenye uti wa mgongo wasiopatikana popote pengine duniani. Zaidi ya 90, ndugu yangu, na watafiti bado wanaongeza.

Sasa sogea nikunong'oneze namna ya kuitembea: nenda na watoto. Simba wa Serengeti utamwona ukiwa umekaa ndani ya gari, lakini maajabu mengi ya Usambara ni madogo, yametulia juu ya jani au chini ya gogo, na mtu mzima mwenye haraka huyapita yote asiyaone. Mtoto wa miaka 6 anayesimama kila baada ya hatua kumi kuuliza "hiki nini?" ndiye mwenye mwendo unaofaa. Mweke mbele, nyuma tu ya mwongoza wageni, halafu mfuate.

Twende. Je, wajua kwamba kutoka Mombo hadi Lushoto ni kilomita 33 tu za barabara, lakini ndani ya hizo 33 unapanda karibu mita 1,000 kwenda juu? Mombo unatoka jasho. Lushoto mwezi wa Julai unatafuta sweta. Mbebee mtoto yake mapema, usingoje ameanza kutetemeka.

Je, wajua kwamba Lushoto iliwahi kuitwa Wilhelmstal, kwa heshima ya mfalme wa Ujerumani? Wajerumani waliipenda baridi yake. Jina lao limeondoka, baridi imebaki, na matunda ya nchi za baridi nayo yamebaki: plamu na peasi utazikuta zimepangwa kwenye beseni kando ya barabara. Nunua, watoto watahitaji cha kutafuna njiani.

Matembezi ya kwanza yawe Irente. Ni kama kilomita 6 kutoka Lushoto mjini, njia inapita kwenye mashamba na nyumba za watu, na mtoto wa shule ya msingi anaifika bila kubebwa. Halafu ghafla ardhi inaisha! Chini yako kuna mteremko wa karibu mita 1,000 hadi kwenye nyika ya Wamasai. Hapo mkono wa mtoto usiuachie hata kidogo.

Unaona yale mashamba yaliyopangwa mistari kule chini, Mazinde? Ni mkonge. Na je, wajua mkonge wa Tanzania ulianzia kwa miche mingapi? Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 kutoka Florida, Marekani. Iliyofika Tanga ikiwa hai ni 62. Sitini na miwili tu! Kutokana na hiyo, Tanganyika ikaja kuongoza dunia kwa mkonge.

Huo 1893 ulikuwa mwaka wa ajabu kwa Tanga, hebu ona. Mwaka huohuo ndipo ulipoanza ujenzi wa reli ya kwanza ya nchi yetu, reli ya Usambara, kutoka Tanga kuelekea bara. Na mwaka huohuo ua dogo la zambarau la milima hii likapewa jina la kisayansi huko Ujerumani na kuanza safari ya kuizunguka dunia.

Ua gani? Hili hapa, na tukae nalo kidogo maana linastahili. Mwaka 1892 mtawala wa Kijerumani aliyekuwa Tanga, Walter von Saint Paul-Illaire, aliliona limeota kwenye miamba yenye unyevu, akampelekea baba yake mbegu. Mtaalamu wa mimea Hermann Wendland akaliita Saintpaulia kwa heshima ya familia hiyo. Leo mamilioni ya nyumba za Ulaya, Marekani na Japani zina chungu chake dirishani, na wengi wanaolimwagilia kila asubuhi hawajawahi kusikia habari ya Amani wala Muheza, huku Usambara Mashariki.

Na shika hii: ua hilo halihitaji mbegu ili upate mche mpya. Chomeka jani lake moja tu kwenye udongo wenye unyevu, litatoa mizizi na kuzaa mmea mzima! Lakini porini limekuwa adimu, kwa sababu linataka kivuli cha miti mikubwa, na miti ikikatwa jua hulikausha. Ukilikuta kwenye jiwe, mwite mtoto alitazame kwa karibu, na mikono ibaki mfukoni.

Umewahi kufika Mtae? Kijiji kimekaa ukingoni kabisa mwa Usambara Magharibi, bonde huku na bonde kule. Siku isiyo na mawingu unauona Kilimanjaro ukiwa umesimama pale pale kijijini.

Je, wajua kwamba milima hii ilikuwa na wafalme wenye cheo cha Simba Mwene? Masimulizi yanasema mwindaji aitwaye Mbegha alitoka Ngulu, akawalisha watu nyama ya nguruwe pori aliowaua mashambani mwao, akamuua na simba, watu wakamfanya mfalme wao pale Vugha. Ukoo wake, Wakilindi, ukatawala kwa zaidi ya karne mbili! Habari zao ziliandikwa kwa Kiswahili na Abdallah bin Hemedi, kitabu kikaitwa Habari za Wakilindi. Wasimulie watoto mkiwa njiani, mlima utaonekana mfupi.

Haya, tuingie msitu wa Magamba, juu kidogo ya Lushoto. Inua macho! Wale weusi wenye manyoya meupe mabegani ni mbega. Je, wajua kwamba mbega hana kidole gumba? Kimebaki kinundu tu, na anaruka mti hadi mti kwa vidole vinne, wala haanguki.

Mtoto wa mbega anazaliwa mweupe pee, mwili mzima. Ndani ya miezi michache anabadilika na kuwa mweusi na mweupe kama mama yake. Na tumbo la mbega limegawanyika vyumba vyumba, ndiyo maana anaweza kushinda anatafuna majani magumu ambayo nyani hana habari nayo.

Sasa nusa. Harufu kali ya kafuri inatoka kwenye mti wa mkulo, ambao wanasayansi nao wameuita kwa jina la Usambara. Ukikatwa, mizizi yake huchipua miti mipya kuuzunguka. Miti yake mizee ni mikubwa kiasi kwamba familia yako yote ikishikana mikono huenda isiuzunguke. Jaribuni, watoto wanaupenda sana mchezo huo.

Je, wajua kwamba penseli za Ulaya ziliwahi kutengenezwa kwa mbao za Usambara? Mwangati, mti unaochongeka vizuri na kunukia, ulikatwa kule Shume. Wajerumani wakajenga waya wa angani wa karibu kilomita 9 kuteremsha mbao hadi reli iliyo bondeni, zinaning'inia juu ya makorongo! Hayo yalifanyika kabla ya Vita Kuu ya Kwanza.

Mti mrefu kuliko yote uliowahi kupimwa Afrika uko jirani tu, kwenye korongo la Kilimanjaro. Mita 81.5! Ulitangazwa mwaka 2016, na inakadiriwa umesimama pale kwa zaidi ya miaka 500.

Tazama majani ya msituni: mengi yana ncha iliyochongoka. Ni mfereji! Maji ya mvua yanateremkia hapo na kudondoka, jani linakauka upesi lisiote ukungu. Mpe mtoto kazi ya kumwagia jani maji ya chupa, ashuhudie mwenyewe.

Mvua yenyewe ni nyingi. Amani, Usambara Mashariki, hupata karibu milimita 2,000 kwa mwaka. Kwa hiyo miezi ya Machi hadi Mei waachie vyura. Ninyi nendeni kuanzia Juni hadi Oktoba, njia zikiwa hazitelezi, mwanze asubuhi kabla ukungu haujashuka. Na anayeoga mjini Tanga, ajue anaoga maji ya milima hii, yamekuja na Mto Zigi.

Mmefika Amani? Pumueni kwanza. Hii ndiyo Hifadhi ya Mazingira Asilia ya kwanza Tanzania, ilitangazwa mwaka 1997. Kituo cha kupokea wageni, Zigi, ni nyumba ya mkuu wa stesheni ya zamani ya reli ndogo iliyokuwa ikibeba magogo. Treni haipo tena, na mlango uko wazi kwa wenye viatu vigumu.

Lakini Amani ilianza zamani zaidi. Mwaka 1902 Wajerumani walianzisha hapo taasisi ya utafiti wa kilimo na mimea, wakapanda miti kutoka kila pembe ya dunia: ya mpira, ya viungo, ya mbao, ya dawa. Ndiyo maana unaweza kutembea dakika chache ukapita chini ya miti ya Asia, Amerika Kusini na Australia bila pasipoti! Ni moja ya bustani kubwa za mimea barani Afrika.

Je, wajua kwamba wakati wa Vita Kuu ya Kwanza meli za Waingereza zilipofunga bahari, Amani iligeuka kiwanda? Wataalamu wake walitengeneza kwinini kutokana na magome ya miti yao wenyewe, wakatengeneza sabuni, chokoleti, hata unga wa kupigia mswaki. Vyote kutoka msituni na mashambani!

Hili nalipenda kuliko mengine yote ya Amani, na ukilisahau nitakukumbusha. Je, wajua kwamba muhogo uliokula wiki iliyopita huenda una damu ya Amani? Miaka ya 1930 ugonjwa wa batobato ulikuwa unamaliza muhogo wa Afrika Mashariki. Watafiti wawili wa Amani, Storey na Nichols, wakauzalisha muhogo wa kawaida pamoja na jamaa zake wa porini, akiwemo mti wa mpira. Ndiyo, mpira! Uzao wake ukastahimili ugonjwa, mbegu zake zikapelekwa hadi Nigeria, na aina nyingi za muhogo mkinzani zinazolimwa Afrika leo zina asili hiyo. Msimulie haya mtoto anayekataa kula muhogo.

Chini ya mti wa msambu, angalia kichwa chako. Tunda lake moja linaweza kupita kilo 2! Mbegu zake hutoa mafuta yanayoganda yenyewe hata siku ya joto, mazuri kwa kupikia, na wenye viwanda vya siagi ya mimea wanayatamani.

Unasikia ule mvumo wa mbawa juu ya miti? Hondohondo huyo. Je, wajua kwamba mama hondohondo huingia kwenye tundu la mti, mlango ukazibwa kwa udongo, ukaachwa upenyo mwembamba tu? Anatamia humo na kulea humo, miezi inakatika, na baba ndiye anayeleta chakula.

Baba huyo hachoki! Watafiti wa hondohondo mwenye mashavu ya fedha walikadiria kwamba kwa msimu mmoja wa siku 120 anaweza kuleta matunda 24,000 kwa safari 1,600. Akina baba mnaosoma, salamu zenu hizo.

Na ndege huyohuyo, bila kujua, anapanda miti. Anameza matunda ya mti wa muhesi, anazitoa mbegu mbali, na mti huo uliotoka magharibi mwa Afrika Mashariki umesambaa Amani mpaka wahifadhi wanahangaika kuuzuia usiisonge miti ya asili. Uzuri wa ndege na taabu ya msitu vimebebwa na mdomo mmoja.

Shorobo je, unamjua? Ni yule ndege wa kijani ambaye akiruka mbawa zinawaka nyekundu. Wekundu ule una madini ya shaba ndani yake, shaba ya kweli! Na ukijani wake ni rangi halisi iliyo ndani ya manyoya, jambo la nadra sana, kwa maana ndege wengi wa kijani unaowaona ni mwanga tu unaocheza.

Na kuna ndege mdogo wa Amani anayeshona. Hutoboa kingo za majani kwa mdomo wake mrefu na kuyaunganisha kwa nyuzi, kiota kinakaa ndani. Ni mmoja wa ndege adimu Afrika: anafahamika Usambara, kisha ukimtaka kwingine uende hadi kaskazini mwa Msumbiji.

Alipewa jina la Reginald Moreau, aliyekuwa mfanyakazi wa Amani na kupenda ndege kupita kiasi. Ndege mwingine, wa milima ya Uluguru, alipewa jina la mke wake, Winifred. Wewe mkeo umempa nini?

Simameni hapa kijitoni, nyamazeni kidogo. Kuna kereng'ende mmoja ambaye makao yake yanayojulikana duniani ni Amani pekee, kwenye maji ya kijito cha msituni kule Zigi. Nimesema duniani, sikusema Tanga!

Kipepeo je? Kipepeo anaonja kwa miguu. Akitua kwenye mkono wa mwanao wenye jasho, anaonja chumvi.

Tena vipepeo hapa walikuwa mazao ya biashara hadi mwaka 2016. Wakulima wa vijiji vilivyo kando ya Amani waliwafuga kwenye vibanda vya neti, wakawauza wakiwa bado wamejifunga ndani ya maganda yao. Walisafirishwa kwa ndege hadi maonyesho ya Ulaya na Marekani, wakafungukia huko. Arabuko-Sokoke, pwani ya Kenya, walianza kazi hiyo tangu mwaka 1993 kwa mradi wa Kipepeo. Msitu ukifyekwa, mzigo hakuna, kwa hiyo mfugaji wa vipepeo ni mlinzi wa msitu bila bunduki.

Angalia chini sasa! Siafu wanavuka njia. Je, wajua kwamba hao askari na vibarua wote ni vipofu? Wanafuatana kwa harufu, mamilioni kwa mamilioni, na malkia wao anaweza kutaga mayai zaidi ya milioni 3 kwa mwezi. Chomeka suruali ya mtoto ndani ya soksi, mruke kwa pamoja, msisimame kupiga picha.

Jongoo mkubwa wa Afrika Mashariki huweza kufika sentimita 38 na kuwa na miguu ipatayo 256. Hang'ati. Ukimgusa anajiviringa, na anaweza kutoa majimaji yenye kuwasha, basi mtoto aliyemshika anawe mikono kabla ya kula plamu zake.

Ule utando wa dhahabu kati ya miti miwili, jua likiupiga, ni wa buibui jike. Dume lake ni dogo mno, utalitafuta. Na je, wajua kwamba kwa hariri ya buibui wa jamaa hiyo, watu wa Madagaska walishona joho zima la dhahabu? Buibui milioni 1.2 walitumika, wakarudishwa porini, na joho likaonyeshwa London mwaka 2012.

Kimepita nini pale, chenye pua ndefu inayochezacheza? Sengi! Ukubwa wake ni nusu kilo hivi, ukimwona unasema panya. Lakini undugu wake wa damu uko kwa tembo, si kwa panya! Wanasayansi waliupata ukweli huo kwenye vinasaba.

Usiku nao una ndugu wa tembo. Ukilala Amani utasikia mtini kilio kinachoanza kwa mikwaruzo na kuishia kwa mayowe; watoto watajificha kwako. Waambie ni perere, pimbi wa miti, kilo 2 au 3 tu za mnyama.

Kama watoto hawajasinzia, chukueni tochi mtoke na mwongozaji, maana matembezi ya usiku ndiyo matamu kuliko yote. Je, wajua kwamba kinyonga akilala rangi yake hupauka? Mchana unapita karibu yake mara kumi humwoni. Usiku tochi inamfichua mara moja, mweupe kwenye ncha ya tawi. Mwambie mtoto ahesabu, na mshangae wote.

Dume la kinyonga mmoja wa Usambara lina pembe tatu usoni! Jike lake halina hata moja. Jirani yao ni kinyonga mwingine wa sakafuni, asiyezidi sentimita 8, anayefanana na jani kavu hata mguuni pako, na ukimshika anatetema mwili mzima.

Kila jicho la kinyonga hutazama njia yake, moja mbele moja nyuma. Na ulimi wake akiurusha unaupita urefu wa mwili wake. Wapo watu wengi wanaomwogopa kwa kusikia kwamba ana mkosi, na hao humuua bure. Mtoto aliyewahi kummulika akiwa amelala, na mkia ameukunja vizuri, hatamrushia jiwe.

Nyoka wapo, ndiyo, na mmoja ana magamba yaliyosimama juu ya macho mfano wa pembe. Hukaa vichakani na ana sumu. Kwa hiyo kanuni ya matembezi ni moja na watoto huielewa haraka: macho yaguse kila kitu, mikono isiguse kitu.

Chura wa Usambara huyu utamwamini? Kuna mmoja ambaye hatagi mayai majini. Mama anazaa watoto hai, vyura kamili wenye miguu minne, wadogo mno! Hakuna kiluwiluwi, hakuna dimbwi.

Ndugu yake ndiye yule wa Kihansi aliyetajwa mpaka bungeni. Aligunduliwa mwaka 1996 kwenye manyunyu ya maporomoko ya maji ya Udzungwa, eneo la hekta chache tu, hafiki sentimita 3. Mtambo wa umeme wa maji ukajengwa, manyunyu yakapungua, na mwaka 2009 akatangazwa ametoweka porini. Lakini baadhi walikuwa wameshapelekwa kwenye bustani za wanyama za New York na Ohio, wakazaana huko, na mwaka 2012 wakarudishwa nyumbani kwa ndege! Huku wamewekewa mabomba ya kunyunyiza maji.

Hebu twende Taita kidogo, kwa akina kaka zetu wa Kenya. Kuna kiumbe ardhini pale, ukimwona utasema nyungunyungu, kumbe ni wa jamaa ya vyura. Mwaka 2006 ilitangazwa kwamba watoto wake wanazaliwa na meno maalumu ya kukwangua ngozi ya mama yao na kuila, na mama anaiotesha upya. Ngozi hiyo imejaa mafuta na lishe, ndiyo maziwa yao!

Na usidhani vyote vilivyofichika ni vidogo. Mwaka 2005 ulimwengu ulitangaziwa nyani mpya wa Tanzania, kipunji, wa misitu ya Rungwe na Udzungwa. Mwaka uliofuata ikabidi awekewe jenasi yake mwenyewe, jenasi mpya ya kwanza ya nyani wa Afrika tangu 1923. Wawindaji wa Rungwe walikuwa wakimtaja muda wote huo, tena kwa jina lake!

Mwaka huohuo wa 2005 kamera iliyofungwa mtini huko Udzungwa ikanasa sengi ambaye hakuna aliyemjua, mwenye uso wa kijivu, mkubwa kuliko sengi wote. Tembo ameongeza ndugu.

Bado una nguvu? Basi funika sufuria yako usikilize hili. Mwaka 1991 watafiti wa ndege walikuwa kambini Udzungwa, chakula kiko jikoni, mara wakaona ndani ya sufuria miguu ya ndege wasiyemtambua. Wakamtafuta msituni mpaka wakampata akiwa hai: kwale mpya kabisa, hakuna kitabu kilichowahi kumtaja. Na alipolinganishwa na kwale wengine wote, jamaa zake wa karibu wakakutwa wapi? Asia!